MIZANIA YA JUA NA DAFTARI LA GHALA

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Machochwe, Wilaya ya Serengeti)

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze juu ya upungufu wa uzito ghalani. Bila shaka wengi wenu mlitazamia nianze na daftari, stakabadhi na mizani. Huko nitafika. Lakini nimeona heri nianze na jua, kwa sababu baada ya miaka mingi ya kukagua maghala nimetambua kwamba yuko mchukuzi mmoja ambaye huingia katika kila uwanja wetu wa kuanikia, akachukua kilo zetu mchana kweupe, wala asitie sahihi popote. Mchukuzi huyo ni jua. Na kwa kuwa yeye hatii sahihi, lawama humwangukia katibu.

KISA CHA KILO 575

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja jina, wala hakimo katika wilaya hii. Chama kilipokea mahindi ya wanachama mara baada ya mavuno, kikayaanika, kikayahifadhi, kisha kikayauza. Nitazitaja hesabu kwa tarakimu kamili ili tufuatane vizuri. Daftari la mapokezi lilionyesha kilo 10,000. Hati ya mnunuzi ilionyesha kilo 9,425. Mizani ilikuwa imehakikiwa na kupigwa muhuri. Magunia hayakuwa na matundu, na dalili za panya hazikuonekana. Upungufu ulikuwa kilo 575.

Katibu aliitwa mbele ya kamati. Akasema, "Ni maji, ndugu zangu. Mahindi yaliingia na maji, yakatoka makavu." Baadhi ya wajumbe walicheka. Akaendelea kueleza kwamba siku ya kupokea Bwana Shamba alipima unyevu akapata asilimia 18, na siku ya kuuza mnunuzi alipima akapata asilimia 13. Kweli, ile 18 ilikuwa imeandikwa kwa penseli pembeni mwa daftari. Mimi nikachukua karatasi nikapiga hesabu mbele ya wote: 18 toa 13 ni 5, asilimia 5 ya kilo 10,000 ni kilo 500. Nikamwuliza, "Haya, tukubali kwamba maji ni kilo 500. Na hizi kilo 75 zimekwenda wapi?"

Alinyamaza. Na kwa sababu ya kilo 75 alizoshindwa kuzieleza, kamati haikumsadiki hata kwa zile 500. Nami niliandika katika taarifa yangu kwamba upungufu wote ni dhima ya katibu. Aliuza mtamba, akalipa, akaacha kazi.

Ndugu Wanachama, hesabu ile ilikuwa na kosa, na kosa halikuwa la katibu, lilikuwa langu. Nitalieleza kabla sijamaliza. Lakini kwanza hatuna budi kumfahamu mchukuzi wetu, maana mtu hawezi kumwandika katika daftari yule asiyemjua.

MAPATO YA JUA

Kila mwenye kutunza hesabu anajua kwamba mizania ina pande mbili: mapato na matumizi. Dunia nayo inayo mizania yake. Pato lake kubwa ni moja tu, nalo ni nishati ya jua. Matumizi yake ni nishati inayorudi mbinguni. Mapato yakizidi, dunia hupata joto. Matumizi yakizidi, dunia hupoa.

Vyombo vilivyoko angani, juu kabisa ya hewa yetu, vimepima kwamba kila mita moja ya mraba inayolielekea jua moja kwa moja hupokea wati zipatazo 1,361. Lakini dunia ni mviringo kama chungwa. Nusu yake iko gizani, na katika nusu yenye mchana sehemu nyingi hupigwa na jua kwa mshazari. Kwa hiyo, tukigawanya pato hilo kwa dunia nzima, mchana na usiku, kila mita moja ya mraba hupata wastani wa wati 340 hivi.

Sisi wa Machochwe tuko kusini mwa Ikweta kwa umbali usiofika nyuzi mbili. Jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, wala halitupi kisogo mwezi wowote. Katika siku ya jua zuri, mita moja ya mraba ya uwanja wetu hupokea nishati ipatayo uniti 5 au 6, zile zile uniti tunazonunua kwa umeme. Hakuna ankara inayoletwa.

MATUMIZI

Sasa tuzitazame zile wati 340 kana kwamba ni shilingi 340 zilizoingia katika sanduku la chama. Zinakwenda wapi?

Shilingi zipatazo 100 hukataliwa mlangoni. Mawingu, vumbi la hewani, mchanga na barafu huzirudisha mbinguni kama kioo kirudishavyo mwanga. Wafugaji wanalijua jambo hili: ng'ombe mweusi akisimama juani mwili wake hupata joto zaidi kuliko wa ng'ombe mweupe, kwa kuwa weupe hurudisha mwanga na weusi huupokea.

Shilingi zipatazo 80 hubaki katika hewa na mawingu. Shilingi 160 ndizo zifikazo ardhini na baharini zikapokelewa. Hizo 160 nazo ardhi haikai nazo. Shilingi kama 20 huondoka na hewa ya moto inayopanda juu, ile tunayoiona ikichezacheza juu ya barabara saa saba mchana. Shilingi kama 60 huondoka kwa njia ya miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Na shilingi 80, yaani nusu nzima ya matumizi ya ardhi, hulipia kazi moja tu: kugeuza maji kuwa mvuke.

Naomba makatibu mlikumbuke fungu hili, maana ndilo fungu la ghala letu. Maji hayakauki bure. Kukausha kilo moja ya maji kunahitaji zaidi kidogo ya theluthi mbili ya uniti. Nishati hiyo huingia ndani ya mvuke ikajificha humo, wala haipandishi joto. Ndiyo sababu mtu aliyelowa husikia baridi upepo ukimpiga: maji yanachukua joto la mwili wake ili yaondoke. Ndiyo sababu vilevile chini ya mti kuna ubaridi kuliko chini ya bati. Mti hautupi kivuli tu. Huvuta maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa majani, na hivyo hulitumia joto la jua kwa kazi. Ardhi iliyofyekwa ikabaki tupu haina maji ya kulipia, kwa hiyo joto lote hubaki kuunguza udongo na hewa.

Kazi hii hufanyika pia kwa kiasi kikubwa mno huko magharibi yetu, katika Ziwa Viktoria. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka ni mvuke unaopanda kwa nguvu ya jua. Mvuke huo ukipaa ukapoa huwa wingu, na lile joto lililojificha hutolewa huko juu. Kumbe maji yanayotoka katika punje zetu na yanayotoka ziwani yanafuata sheria moja na kulipiwa na tajiri mmoja.

MALIPO YA USIKU

Jua likitua mapato husimama, lakini matumizi hayasimami. Kila kitu chenye joto, hata kidogo, hutoa miale ya joto: ukuta, jiwe, bati, turubai. Usiku usio na mawingu miale hiyo huenda zake mbinguni, na ardhi hupoa upesi. Usiku wa mawingu, mawingu huipokea na kuirudisha sehemu yake chini, kama blanketi. Kwa hiyo nyakati za kiangazi, siku ambayo mbingu ni safi na nyota zimejaa, alfajiri yake huwa ya baridi kali.

Jambo hili lina madhara matatu kwa mali ya chama. Kwanza, turubai na punje zilizoachwa nje hupoa kuliko hewa inayozizunguka, na mvuke wa hewani hugeuka umande juu yake. Maji yaliyotolewa mchana kwa jasho la jua yanarudi usiku kwa mlango wa nyuma. Pili, mahindi yenye umande yakipimwa saa moja asubuhi, mizani husoma maji hayo kuwa ni mahindi. Chama huyalipia, na adhuhuri hayapo. Tatu, bati la ghala hupoa usiku, na mvuke wa ndani hugeuka matone upande wa chini wa bati, yakadondokea magunia ya juu. Nimeona magunia yenye ukungu juu na makavu chini, na watu wakatafuta tundu la mvua lisilokuwepo.

Ukungu si hasara ya uzito tu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine kufariki kwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu katika nafaka. Unyevu tunaoushindwa kuuandika katika daftari unaweza kuandikwa mahali pabaya zaidi.

BAKI INAYOONGEZEKA

Kabla sijarudi kwenye kilo zetu, yafaa nieleze hali ya mizania ya dunia nzima siku hizi, maana wanachama huniuliza kwa nini majira yamebadilika.

Hewa yetu nayo ni blanketi. Mwaka 1859 mtaalamu aitwaye John Tyndall alionyesha kwa majaribio huko London kwamba mvuke wa maji na hewa ya ukaa, ingawa huachia mwanga upite, huizuia miale ya joto. Blanketi hilo ni neema: bila hilo wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Lakini blanketi linazidi kuwa zito. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ya ukaa ilikuwa sehemu zipatazo 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Siku hizi zimepita 420, hasa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kukata misitu.

Matokeo yake ni kwamba mizania haifungi. Katika zile shilingi 340, kiasi kinachoingia bila kutoka ni kama shilingi moja. Vipimo vya setilaiti na vya baharini vimeonyesha kwamba baki hiyo iliongezeka karibu maradufu kati ya mwaka 2005 na 2019. Mtu atasema, shilingi moja katika 340 ni nini? Haba na haba hujaza kibaba. Shilingi hiyo huingia kila mita, kila sekunde, mchana na usiku, na takriban sehemu tisa katika kumi za baki hiyo huhifadhiwa baharini. Aidha, kila hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi; kwa hiyo mvua inapokuja, huweza kuja kwa kishindo. Sisemi kwamba kila mvua kubwa ina sababu hiyo peke yake. Lakini tunakumbuka vuli ya mwaka 2019 ilivyonyesha, na jinsi Ziwa Viktoria lilivyofurika mwaka 2020. Katika majira ya namna hiyo, katibu anayeanika kwa mazoea ya zamani bila kupima unyevu atazidi kupata upungufu asioweza kuueleza.

ZILE KILO 75

Sasa narudi kwa katibu wetu. Mahindi kilo 10,000 yenye unyevu wa asilimia 18 yana maji kilo 1,800 na mahindi makavu kabisa kilo 8,200. Jua huchukua maji tu. Zile kilo 8,200 hazipungui hata moja. Mahindi yakifika asilimia 13, maana yake ni kwamba sasa zile kilo 8,200 ni sehemu 87 katika kila 100 za uzito mpya. Gawanya 8,200 kwa 87, zidisha kwa 100: unapata kilo 9,425.

Ndugu Wanachama, 10,000 toa 9,425 ni 575. Hakuna hata kilo moja iliyopotea. Kosa langu lilikuwa kutoa 13 katika 18 kana kwamba asilimia zote mbili ni za mzigo mmoja. Sivyo. Ile 18 ni ya mzigo mzito, na ile 13 ni ya mzigo uliokwisha kupungua. Kilo 75 nilizomdai yule ndugu zilikuwa zimezaliwa na penseli yangu.

Na kama tungetaka kumwuliza jua, lingetujibu. Kukausha kilo 575 za maji kunahitaji uniti zipatazo 390. Mahindi yale yakitandazwa kwa unene wa sentimita 5 hujaza uwanja wa mita 14 kwa mita 20, na uwanja kama huo kwa siku moja ya jua zuri hupokea zaidi ya uniti 1,400. Nyingi kati ya hizo hurudishwa na punje au huondoka na hewa ya moto, na maji ya ndani ya punje hutoka polepole, ndiyo maana kazi huchukua siku kadhaa. Lakini uwezo ulikuwepo, na ushahidi ulikuwepo. Kilichokosekana ni safu moja katika daftari.

Nililigundua kosa hili miezi kadhaa baadaye, Bwana Shamba mmoja aliponionyesha hesabu hiyo kwa kijiti, mchangani. Niliandika taarifa ya pili, na chama kilimrudishia yule ndugu fedha yake. Kazi hakukubali kuirudia. Nilipomwendea nyumbani alinikaribisha vizuri, tukanywa uji, akaniambia neno moja tu: "Mzee, fedha mmerudisha. Siku ile waliyocheka mtairudishaje?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini nimeona wajibu wangu ni kuhakikisha kwamba halimpati katibu mwingine.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, mzigo usipokelewe bila kupimwa unyevu, na kipimo kiandikwe kwa wino katika stakabadhi na katika daftari, kando ya kilo. Penseli ya pembeni haitoshi.

Pili, chama kisichokuwa na kipima unyevu kitumie chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi cha theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikinata katika kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Mahindi hayo yarudi juani.

Tatu, kila ghala libandike kanuni hii ukutani: toa unyevu wa kupokelea katika 100, zidisha kwa kilo zilizopokelewa, gawanya kwa 100 iliyotolewa unyevu wa kutolea. Jibu ndilo deni la katibu. Likiwa chini ya hapo, aulizwe. Likiwa juu ya hapo, aulizwe vilevile, maana huenda umande umeuzwa. Wenzetu wa kahawa huko Tarime watumie kanuni ile ile kwa unyevu wa zao lao.

Nne, tuanike juu ya turubai au kichanja, kwa unene usiozidi sentimita 5, tukigeuza mara kwa mara. Tuanue kabla jua halijatua na kufunika. Tusipime mzigo wenye umande. Tungoje mpaka ukauke.

Tano, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta na mbali na bati. Madirisha ya ghala yafunguliwe siku ya jua na upepo mkavu, yafungwe jioni na wakati wa mvua.

Sita, na hili nawaambia wakaguzi wenzangu na wajumbe wa kamati: kabla ya kuandika neno "dhima" katika taarifa, tuulize kwanza jua lilichukua kiasi gani. Mwizi wa kweli tutamkamata vizuri zaidi tukishaondoa hesabu ya maji, kwa kuwa hatakuwa na mahali pa kujificha.

Wazee wetu wa ushirika walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jua linatunza hesabu zake pasipo kukosea hata chembe. Yatupasa nasi tumfungulie ukurasa katika daftari letu, ili kilo alizochukua ziandikwe kwa jina lake, na jina la mtu mwaminifu libaki safi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa makatibu walete madaftari yao ya msimu huu hapa mbele, tufanye hesabu moja moja kwa pamoja.